Mafuta ya Baltimore na minyoo ya safura

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki mbili hivi, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeingia mitini. Nipo, ndugu zangu. Nilikuwa nasoma, na kilichonifanya nisome ni deni. Leo nalilipa hapa, maana kule gazetini nafasi ya kulilipia sikuipata.

Mkasa wenyewe ni huu. Miezi michache iliyopita nilitumwa kutafuta habari ya kujaza ukurasa wa ndani. Karibu na kituo cha daladala nikamkuta mzee mmoja mwenye meza ndogo na vichupa vya mafuta ya rangi ya manjano. Alisema ameyakamua mwenyewe kutoka kwenye majani na kwamba yanaua minyoo ya kila aina. Watu walikuwa wamemzunguka. Alikuwa mcheshi na anajua kuzungumza, nami nikaandika: wateja wawili wanaomsifu, picha ya vichupa na kichwa cha habari kizuri. Mhariri alifurahi.

Siku ya tatu mama jirani yetu alinigongea mlango. Mkononi alikuwa na kipande cha gazeti alichokikata, na mgongoni mtoto wake wa miaka minne, mwembamba, macho yamepauka. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika hii. Huyu nimpe matone mangapi?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemwuliza mzee yule ni jani gani. Sikuwa nimemwuliza mtu mzima anapewa kiasi gani na mtoto kiasi gani, wala chupa ya leo inafanana vipi na ya jana. Nilimwomba mama asimpe chochote, ampeleke mtoto zahanati. Kisha nikarudi ndani nikakaa kitandani, nikajiona si lolote.

Nilipomwambia mhariri kwamba nataka kuandika habari ya pili ya kurekebisha ile ya kwanza, alisema ile imeshapita. Basi nikaanza kusoma mwenyewe. Nilichokikuta ni historia ambayo sikuwahi kuisikia, si shuleni wala Mlimani. Kumbe dunia ilishawahi kuwatibu watu wengi mno kwa mafuta ya kunukia ya mmea, na ugonjwa wenyewe ulikuwa ni huu huu tunaoufahamu: safura.

Tuanze na mnyoo wenyewe

Safura ni jina tulilolipata kwa Waarabu, nalo asili yake ni unjano, rangi ya mgonjwa aliyekwisha damu. Mnyoo wake ni mdogo, urefu wake kama sentimita moja. Hauliwi na chakula kichafu kama mchango. Kiluwiluwi chake hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, kikapenya ngozi ya mguu usio na kiatu, kikaingia kwenye damu, kikafika mapafuni, kikapanda hadi kooni, kikamezwa, kikatua kwenye utumbo mdogo. Hapo kinakomaa na kung'ata ukuta wa utumbo, kisha kazi yake ni kunywa damu.

Daktari Mwitaliano Angelo Dubini aliuona mnyoo huu mwaka 1838 huko Milan, lakini kwa miaka mingi ulionekana kama kitu cha ajabu tu. Kilichowashtua wakubwa wa Ulaya ni reli. Kati ya mwaka 1872 na 1882 lilichimbwa handaki la Gotthard huko Uswisi, lenye urefu wa kilomita 15 kupita chini ya milima ya Alps. Wachimbaji, wengi wao Waitaliano, walianza kupauka, kuvimba miguu na kuanguka kazini. Mwaka 1880 Edoardo Perroncito wa Turin alionyesha kwamba chanzo ni minyoo ya safura. Ndani ya handaki kulikuwa na joto, maji na matope, na vyoo havikuwepo. Mnyoo wa nchi za joto ulikuwa umepata nyumba chini ya theluji.

Namna unavyoingia mwilini iligunduliwa kwa bahati. Mjerumani Arthur Looss, aliyekuwa akifanya kazi Cairo mwishoni mwa miaka ya 1890, alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi. Ngozi ikamwasha. Wiki kadhaa baadaye alipima choo chake mwenyewe, akakuta mayai ya minyoo.

Dawa ya kwanza: harufu ya zaatari

Hapa ndipo mafuta ya mimea yanapoingia. Mjini Turin, daktari Camillo Bozzolo alianza kutumia thimoli kutibu safura. Thimoli ndicho kitu kinachoyapa majani ya zaatari harufu yake, na inapatikana kwa wingi zaidi kwenye mbegu za ajwain, kiungo kinachopendwa sana kwenye mapishi ya Kihindi. Mafuta yake yakitengwa, thimoli huganda kama vipande vya chumvi.

Thimoli ndiyo iliyobebwa na kampeni kubwa ya kwanza ya kupambana na safura. Mwaka 1902 Charles Wardell Stiles, mtaalamu wa serikali ya Marekani, alitangaza kwamba kusini mwa nchi yao kuna aina nyingine ya mnyoo huu, akauita Necator americanus, yaani muuaji wa Kimarekani. Watu wa kusini walikuwa wakiitwa wavivu. Stiles akasema si uvivu, ni damu iliyokwisha. Wengine walimcheka na magazeti yakamtania, lakini mwaka 1909 tajiri wa mafuta ya petroli, John D. Rockefeller, alitoa dola milioni 1, ikaundwa tume ya kuutokomeza ugonjwa huo. Mkuu wake alikuwa Wickliffe Rose.

Tume ilifanya kazi katika majimbo 11 hadi mwaka 1914. Uchunguzi wake ulikuta karibu watoto 4 katika kila 10 waliopimwa wana minyoo hiyo. Madaktari walikwenda vijijini, wakafungua kliniki za muda, wakawaonyesha watu mayai kwa darubini na minyoo ndani ya chupa. Karibu watu 700,000 walitibiwa.

Tiba yenyewe ilikuwa na masharti. Jioni unakunywa chumvi ya haluli kusafisha tumbo. Asubuhi, kabla ya kula, unameza vidonge vya thimoli. Kisha haluli tena, ili minyoo iliyolewa isije ikazinduka na kushika upya. Ole wako ukigusa mafuta ya kula au pombe siku hiyo! Thimoli huyeyuka ndani ya vitu hivyo, na badala ya kubaki tumboni na minyoo, inaingia kwenye damu yako. Kulikuwa na watu waliokufa. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Vita, na kuja kwa mafuta ya Baltimore

Mwaka 1914 vita ikaanza Ulaya. Kabla ya hapo mbegu za ajwain zilikuwa zikitoka India na kwenda Ujerumani, na viwanda vya Ujerumani ndivyo vilivyotoa thimoli. India ilikuwa chini ya Waingereza, na Waingereza na Wajerumani sasa walikuwa wakipigana. Thimoli ikaadimika, bei ikapanda. Wagonjwa hawakupungua kwa sababu ya vita, kwa hiyo ikabidi itafutwe dawa nyingine.

Dawa hiyo ilikuwepo. Huko Mexico kuna jani linaloitwa epazote, ambalo hadi leo akina mama wanalitia kwenye maharage. Wataalamu walikuwa wakiliita Chenopodium ambrosioides, na siku hizi Dysphania ambrosioides. Harufu yake ni kali kiasi kwamba anayeinusa kwa mara ya kwanza hudhani kuna kitu kimemwagika. Wenyeji wa Mexico walilitumia kwa minyoo tangu kabla ya Wahispania kufika. Mmea ukasambaa, na kwenye jimbo la Maryland, hasa wilaya ya Carroll, wakulima wakaulima kama zao la biashara. Waliuvuna, wakaupitishia mvuke, wakakusanya mafuta yake na kuyauza kupitia mji wa Baltimore. Ndiyo maana wafanyabiashara waliyaita mafuta ya Baltimore.

Mwaka 1895 mfamasia Mjerumani aliyekuwa akiishi Brazil alitenga kitu ndani ya mafuta hayo. Baadaye kikaitwa askaridoli, kwa jina la Ascaris, yaani mchango. Miaka ya 1911 na 1912 wakemia, akiwemo Otto Wallach aliyekuwa ametunukiwa Nobeli mwaka 1910, waliieleza kemia yake. Ni kitu cha ajabu: kina atomi mbili za oksijeni zilizoshikana kama daraja, na ukikipasha moto sana kinalipuka. Naam, dawa ya minyoo inayolipuka.

Waliothibitisha nguvu yake kwa safura walikuwa madaktari Schüffner na Vervoort, waliokuwa wakihudumia vibarua wa mashamba ya Deli, kisiwani Sumatra. Mwaka 1913 walichapisha matokeo yao: mafuta haya yanashinda thimoli. Vita ilipozuka na thimoli kukosekana, watu wa Rockefeller waliyachukua na kuyapima wenyewe. Kati ya mwaka 1915 na 1917 tume yao iliyoongozwa na Samuel Darling ilizunguka Malaya, Java na Fiji. Ikafanya kitu ambacho mimi na gazeti langu hatukukifanya pale kituoni: ikahesabu. Mgonjwa alipewa dawa, choo chake kikachujwa, minyoo iliyotoka ikahesabiwa mmoja mmoja. Halafu akapewa dawa tena, ikahesabiwa iliyokuwa imebaki. Kazi hiyo haina sifa wala harufu nzuri, lakini ndiyo inayotofautisha dawa na maneno ya dawa.

Swali la mama jirani

Sasa tufike kwenye matone. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima kilikuwa kama mililita moja na nusu, ikigawanywa mara tatu ndani ya saa chache, halafu haluli. Mililita moja na nusu, ndugu msomaji, haijazi hata theluthi ya kijiko cha chai. Ukizidisha kidogo, mgonjwa anapata kizunguzungu na masikio yanalia. Ukizidisha zaidi anakuwa kiziwi, anapatwa na degedege, anapoteza fahamu, anakufa. Na waliokufa wengi walikuwa watoto wadogo na watu waliodhoofu kwa njaa, yaani wale wale wenye minyoo mingi na wanaoihitaji dawa kuliko wengine.

Kwa nini ilitokea hata mikononi mwa madaktari? Kwanza, mafuta hayakuwa sawa. Mmea uliovunwa mapema na uliovunwa ukiwa umekomaa, udongo huu na udongo ule, mvuke mkali na mvuke wa polepole, kila kimoja kilibadilisha kiasi cha askaridoli. Kipimo kile kile kutoka chupa mbili kingeweza kuwa dawa kwa huyu na sumu kwa yule. Pili, tone si kipimo. Tone la mdomo mpana si sawa na la mdomo mwembamba. Tatu, nafasi kati ya kiasi kinachomlewesha mnyoo na kiasi kinachomdhuru mtoto ilikuwa nyembamba mno.

Kwa hiyo jibu la swali la mama jirani, miaka zaidi ya 100 baada ya Darling, ni kwamba hakuna mtu angeweza kumpa hesabu ya matone kwa chupa isiyojulikana. Si mimi, si mzee wa kituoni, wala daktari bingwa.

Mafuta yalivyoachwa

Mwaka 1921 Maurice Hall, mtaalamu wa mifugo wa serikali ya Marekani, aligundua kwamba kaboni tetrakloridi inaondoa minyoo ya safura kwa mbwa. Kabla ya kuwapa watu aliimeza mwenyewe. Ilikuwa rahisi kutengeneza na kila chupa ilikuwa sawa na nyingine, ikatumika nchi nyingi. Lakini nayo ilikuwa inaharibu ini, na ikaacha vifo vyake. Mwaka 1925 Hall na mwenzake wakaleta tetrakloroethilini, iliyokuwa na nafuu. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja dawa nyingine, na hatimaye mebendazoli na albendazoli tunazozijua: kidonge kimoja unatafuna, unarudi kucheza. Mafuta ya Baltimore yakatoweka madukani. Wakulima wa Carroll wakapanda vitu vingine.

Kwa hiyo hadithi imekwisha, kiwanda kimeshinda shamba? Nilidhani hivyo nilipofika hapo. Kumbe bado.

Mwaka 1985 mtafiti Michael Kliks alichapisha kazi aliyoifanya Chiapas, kusini mwa Mexico. Alipima chai ya epazote kwa kipimo kile kile wanachokitumia wanakijiji. Matokeo: haikupunguza minyoo kwa kiasi cha kuridhisha. Angalia kichekesho hiki kichungu. Chai ya bibi ni salama kiasi lakini haina nguvu ya kutosha. Mafuta yaliyokamuliwa yana nguvu lakini yanaweza kuua. Mmea ni ule ule. Anayesema "ni ya asili, haina madhara" hajajibu lolote, na anayesema "ni ushirikina tu" naye hajajibu.

Lakini huko Havana, kwenye taasisi ya Pedro Kourí, mtafiti Lianet Monzote na wenzake wamekuwa wakiyapima mafuta ya mmea huo huo dhidi ya vimelea vya leishmania. Mwaka 2006 walionyesha kwamba yanawaua vimelea maabarani, na kwamba panya walioambukizwa walipata nafuu. Kutoka panya hadi mtoto wa jirani yangu ni safari ndefu, nao hawajasema vinginevyo. Mafuta ya kunukia yanaua karibu kila kitu ndani ya kisahani cha maabara. Swali gumu ni lile lile la mwaka 1915: yanamwacha mgonjwa salama?

Na hata hivi vidonge vyetu havijamaliza kazi. Kisiwani Pemba, ambako watoto wa shule wametibiwa minyoo kwa miaka mingi, watafiti waliripoti mwaka 2003 kwamba mebendazoli imepungua nguvu kwa safura kuliko ilivyokuwa mwanzo. Utafiti mwingine wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2014, uliangalia minyoo ya mjeledi. Kidonge kimoja cha albendazoli peke yake kiliponya watoto chini ya 3 katika kila 100. Walipochanganya na dawa nyingine, oksanteli, wakapona kama 31 katika 100. Ni nafuu, lakini 69 wamebaki. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo inayoambukizwa kwa udongo. Kwa hiyo atakayetafuta dawa mpya kwenye majani hapotezi muda.

Na mfano wa kutafuta vizuri tunao mfukoni. Dawa mseto tunayopewa tukiugua malaria ina kitu kinachotokana na artemisinini, iliyotengwa China mwaka 1972 kutoka kwenye pakanga. Tu Youyou, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Nobeli mwaka 2015. Artemisinini nayo ina lile daraja la atomi mbili za oksijeni, kama askaridoli! Tofauti ni kwamba imepimwa, imebadilishwa kidogo, ikachanganywa na dawa nyingine na kuwekwa kwenye kidonge ambacho cha Kigoma ni sawa na cha Tanga. Majani yaliheshimiwa kwa kupimwa.

Jambo la mwisho, ambalo watu wa Rockefeller walilijifunza kwa gharama. Tume yao iliitwa ya kutokomeza, lakini safura haikutokomezwa. Minyoo ilipungua, kisha mtu akarudi shambani bila viatu, kwenye nyumba isiyo na choo, akaambukizwa tena. Thimoli, mafuta ya Baltimore na vidonge vyetu vyote huwatoa minyoo walio ndani. Walio nje wanasubiri kwenye udongo. Hao dawa yao ni choo na kiatu, na havikai kwenye kichupa cha mtu yeyote.

Mtoto wa jirani alipimwa choo. Alikuwa na safura. Akapewa kidonge na dawa ya kuongeza damu, na sasa anapiga kelele uwanjani hadi nashindwa kuandika. Mama yake hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mzee wa kituoni nimemrudia. Safari hii nilimwuliza jina la jani, akanionyesha. Nilimwuliza mtoto anapewa kiasi gani, akacheka, akasema, "Inategemea na mtoto." Nikamsimulia habari ya Baltimore, yote, hadi ile ya uziwi. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaviondoa mezani vichupa vyenye picha ya mtoto, akaviweka chini ya kiti. Sijui kama bado viko huko.

Ukiwa na habari ya dawa za mimea ulizozitumia au kuzishuhudia nyumbani kwenu, niandikie hapa chini. Ila nakuomba kitu kimoja: usiniambie tu kwamba ilimponya. Niambie pia alipewa nani, kiasi gani, na ulijuaje kwamba amepona.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.